Jalada Lisilokuwapo

Kazi yangu iko chini ya ardhi,
katika mahakama ya Duluth, ambako Januari
theluji huziba vidirisha na taa huwaka mchana kutwa.
Natunza majalada. Miaka ishirini na sita
mikono yangu inanuka karatasi, hata nikikanda unga.

Alhamisi moja akaja wakili Ilsa Tofte,
yule asiyewatoza wateja wake hata senti,
buti zimelowa, kikombe cha kahawa kimemeguka mdomo,
akaniwekea amri ya jaji mezani:
Verna Lindahl. Lifungwe. Litiwe lakiri.

"Miezi kumi na minne," akasema, akipuliza vidole.
Faini ya dola arobaini iliyosahauliwa tangu enzi za taipureta,
barua tatu za waajiri, moja ya mchungaji wa Kilutheri,
hati ya kiapo iliyorudishwa mara mbili kwa kukosa mhuri,
na siku yenyewe, mbele ya jaji, dakika sita.
Verna alitakiwa aseme yote, kwa sauti,
maana kisichotajwa hakifutiki.

Sheria hunitaka nihesabu kurasa kabla ya kufunga.
Haisemi nisizisome.
Nikazisoma.

Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alimtunza ajuza mmoja,
akimwogesha, akimpikia uji wa shayiri,
na mara tatu aliiga sahihi yake kwenye hundi.
Dola mia mbili kumi na mbili.
Picha ya polisi: nywele zimekatwa vibaya,
macho ya mtu aliyeamshwa ghafla.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.
Ilsa, nadhani, ndiye mtu wa kwanza kumwambia pole,
kisha akaketi kuutoa, taratibu,
kwa kibano cha vifungu na tarehe.

Nikafunga. Nikapiga lakiri. Nikalipeleka
kwenye kabati la chuma lisiloandikwa kitu.
Tangu saa ile, simu ikilia na sauti ikauliza,
"Mna chochote juu ya Lindahl?"
hujibu, "Hakuna rekodi."
Si uongo. Ni serikali iliyoamua kusahau,
ikaniajiri mimi nisahau kwa niaba yake.

Lakini kichwa hakitiwi lakiri.

Aprili, barafu ikipasuka ziwani
kama vyombo vinavyoanguka jikoni kwa jirani,
nilikwenda kumwona mama kwenye nyumba ya wazee.
Anayemlisha ni mpya. Beji kifuani: VERNA.
Nywele zimeingia mvi, zimekatwa vizuri.
Alidondosha tone la supu kwenye kifundo cha mkono wake, akapima joto,
akamsubiri mama ameze, akasubiri tena,
kwa subira ambayo mimi, niliyetoka tumboni mwake, sinayo.
"Mama yako anapenda kuimba," akaniambia.
Miaka miwili sijamsikia akiimba.

Mkoba wa mama ulikuwa kitini, mdomo wazi.

Ningesema nini? Na kwa nani? Jalada halipo.
Nilimshukuru. Mkono wake ulikuwa na joto,
ulinukia sabuni.
Alipotoka kuchukua taulo
niliuvuta ule mkoba, nikahesabu
noti, sarafu, hata ile pete isiyomtosha tena.

Hakuna kilichopungua.
Aliyepungua ni mimi.

Verna akarudi na taulo begani.
Nikaufunga mkoba; zipu ikalia
chumba kizima, kana kwamba haikuwahi kutiwa mafuta.
Hakuniuliza kitu. Alitazama dirishani,
kama mtu aliyekwisha kuisikia zipu hiyo katika nyumba nyingi,
akasema ziwa limefunguka mapema mwaka huu,
akaanza kumfuta mama kidevu.